Ziggy Stardust: hadithi isiyokaa ndani ya nyimbo

Msomaji wetu wa Tanga, mpiga gita la solo katika bendi ya mtaani kwao, ameniandikia hivi: "Mzee, shikamoo. Nimenunua sahani ya zamani ya David Bowie, ile ya Ziggy Stardust ya mwaka 1972. Kila anayeisifu anasema ni albamu ya dhana, yaani hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, ya mwanamuziki aliyetoka angani. Nimeisikiliza mara nne, maneno nimeyafuata kwa kamusi, hadithi siioni. Wimbo wa tano ndio kabisa, hauhusiani na lolote. Je, nimeshindwa kuelewa au tumedanganywa wote? Na kama hadithi haipo, wanasifia nini mpaka leo? La mwisho: nyuma ya jalada wameandika kwamba ipigwe kwa sauti ya juu kabisa. Ni utani au ni agizo? Nauliza kwa sababu nakaa nyumba ya kupanga."

Marahaba, mwanangu. Masikio yako ni mazima, na huo wimbo wa tano umeunasa kuliko wachambuzi wengi wanaolipwa. "It Ain't Easy" haukutungwa na Bowie. Ni wa Mmarekani Ron Davies, na ulirekodiwa Julai 1971, wakati Bowie angali anapika albamu iliyotangulia, Hunky Dory. Kwa lugha ya jikoni hicho ni kiporo. Kimepashwa moto, kikapakuliwa pamoja na chakula cha siku, na mimi naona kingebaki sufuriani. Basi usijilaumu kwa kukosa uhusiano ambao haupo.

Ila usikimbilie kusema tumedanganywa. Kinachokusumbua ni jina la albamu: The Rise and Fall of Ziggy Stardust and the Spiders from Mars, yaani kupanda na kuanguka kwa Ziggy Stardust na Buibui wa Mirihi. (Buibui mdudu, si vazi, ingawa kwa jinsi bendi ile ilivyojipamba mtu angesamehewa kuchanganya.) Ukisoma jina kama hilo unakaa mkao wa kusikiliza utenzi: shujaa atazaliwa, atapigana, atakufa, beti zikifuatana kama shanga. Kumbe ulichonunua ni diwani. Mashairi yametungwa kwa nyakati mbalimbali na kwa shabaha mbalimbali, kisha mshairi akayapanga na kuyatia ndani ya jalada moja.

Hesabu mwenyewe. Nyimbo ni 11, muda ni dakika 38 na ushei. Jina la Ziggy linatamkwa kwa mara ya kwanza katika wimbo wa tisa, na hapo tayari anazungumziwa kama mtu aliyepita: mwenzake wa bendi anasimulia jinsi jamaa alivyopiga gita kwa mkono wa kushoto, sifa zikampanda kichwani, mashabiki wakammaliza, bendi ikavunjwa. Kupanda kote na kuanguka kote kumo humo, ndani ya dakika tatu na kidogo. Kabla ya hapo umepewa habari za dunia iliyobakiwa na miaka mitano, mama aliyepiga magoti kaburini kwa mwanawe, mwimbaji aliyejipaka vipodozi huku watu wakimcheka, kijana anayeota kuwa nyota. Hivyo huwezi kuvifunga kwa kamba moja ya visa.

Sababu iko katika jinsi albamu yenyewe ilivyotengenezwa. Sehemu kubwa ilirekodiwa Novemba 1971 katika studio ya Trident, mtaa wa Soho, London, wakati Hunky Dory haijaingia hata madukani. Hiyo ilitoka Desemba. "Moonage Daydream" na "Hang On to Yourself" zilikuwa zimeshatolewa mapema mwaka huohuo kwa jina la bendi ya kubuni, Arnold Corns, na hazikumshtua mtu. Orodha ya kwanza ya albamu ilikuwa na wimbo wa Chuck Berry, mkongwe wa rock and roll wa Marekani, ndani yake. Chuck Berry na Mirihi, wapi na wapi?

Kisha Dennis Katz, mkubwa mmoja wa kampuni ya RCA, akasikiliza kazi na kusema haoni humo wimbo wa kutangulizwa redioni. Bowie akaenda kutunga "Starman", ukarekodiwa Februari 1972, Chuck Berry akaondolewa ili upate nafasi. Sasa fikiri. Huo ndio wimbo pekee wenye kiumbe anayengoja angani na kuwapelekea watoto ujumbe kupitia redio usiku. Uondoe, na ile habari ya "aliyetoka angani" inabaki bila pa kushikilia. Nguzo ya hadithi ilichimbiwa baada ya nyumba kuezekwa, tena kwa sababu za biashara.

Hata hivyo, kuna hadithi kamili ambayo Bowie mwenyewe aliieleza. Novemba 1973 alikaa na mwandishi William Burroughs kwa mazungumzo yaliyochapishwa na jarida la Rolling Stone Februari 1974. Humo ndimo alimomwaga kila kitu: maliasili zimekwisha, dunia ina miaka mitano, vijana hawautaki tena muziki wa roki kwa sababu hakuna umeme wa kuupigia, Ziggy anashauriwa akusanye habari aziimbe, anaoteshwa na viumbe wanaoruka kutoka shimo jeusi moja hadi jingine, wanamwambia atangaze ujio wa mtu wa nyota, mwisho viumbe hao wanafika kweli na kumrarua vipande jukwaani, kwa kuwa wanahitaji mwili wake ili waweze kuonekana katika ulimwengu wetu. Ukisoma vizuri utaona hata hapo Ziggy hakutoka angani. Ni binadamu aliyeletewa habari. Kwa hiyo wanaokuambia kwamba Ziggy ni mgeni kutoka sayari nyingine wamemkosea mtunzi.

Lakini tazama tarehe. Novemba 1973. Albamu ilitoka Juni 1972, na Bowie alimwua Ziggy jukwaani, yaani aliacha kumwigiza, Julai 1973. Bowie alikuwa anasimulia visa vya marehemu, na alikuwa na ndoto ya kuvifanya igizo kubwa. Sehemu moja ya visa hivyo iko katika "All the Young Dudes", wimbo aliowapa bendi ya Mott the Hoople, ambao hata haumo kwenye sahani yako. Kwa hiyo ukisikiliza mara 40 badala ya nne, hadithi hiyo hutaipata.

Ukitaka albamu iliyo utenzi kweli, tafuta Tommy ya The Who, ya 1969: mtoto, maradhi, kupona, wafuasi, kuasiwa. Ukitaka jalada lenye ahadi na ndani hamna, ipo Sgt. Pepper ya The Beatles, ya 1967, ambako ile bendi ya kubuni inatambulishwa mwanzoni, inasahaulika, inakumbukwa tena karibu na mwisho. Ya Bowie ni ya namna ya tatu, na ndiyo maana inabishaniwa.

Nije kwenye jibu lenyewe. Wewe ni kijana, lakini wazee wako wanakumbuka kurasa za mashairi magazetini, ambapo mshairi hakuishia kuandika jina alilopewa na babaye. Alijipa lakabu. Akishaivaa, alikuwa na ruhusa ya kutamba, kutukana kwa mafumbo na kujibizana na watu ambao mchana wake wa kawaida angewaamkia kwa adabu. Ziggy ni lakabu. Tofauti ni kwamba washairi wetu waliivua walipofika nyumbani. Bowie aliilisha, akaivisha, akaipaka rangi, mpaka ikawa inataka kula mezani pake. Hadithi ya albamu hii ni ya mtu kuvaa jina. Ilianzia kwenye sahani, ikaendelea kwenye nywele, nguo, mahojiano na jukwaa, ikaishia ukumbini Hammersmith. Nyimbo ni sura moja tu ya kitabu hicho.

Lakabu yenyewe ilishonwa kwa vipande vya watu halisi. Kipande kikubwa ni Vince Taylor, Mwingereza aliyekulia Marekani, aliyekuwa nyota mkubwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha akili ikamruka akapanda jukwaani akidai utume. Bowie alikutana naye London, na amesimulia jinsi Taylor alivyotandika ramani chini kando ya kituo cha treni cha Tottenham Court Road ili amwonyeshe mahali ambapo viumbe wa angani wangeshuka. Nusu ya jina ilitoka kwa mwimbaji wa Texas aliyejiita Legendary Stardust Cowboy. "Ziggy" inafanana na Iggy Pop, rafiki yake. Naye Bowie alisema pia kwamba aliliona jina hilo kwenye duka la fundi cherehani alipokuwa ndani ya treni. Mimi habari ya cherehani ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inalingana na kilichofuata: Ziggy ni kazi ya mshono. Nguo za mwanzo zilishonwa na rafiki yake Freddie Burretti, nywele zikakatwa na kutiwa rangi na Suzi Fussey, na mwaka 1973 akaingia Kansai Yamamoto wa Japani na mavazi ya kabuki, maigizo ya jadi ya huko. Kutembea na kusimama Bowie alifundishwa na Lindsay Kemp, bingwa wa maigizo ya bila maneno.

Nikiwa hapo nikusahihishe wewe na nusu ya dunia: yule mwenye radi nyekundu usoni si wa albamu hii. Radi ni ya jalada la Aladdin Sane, Aprili 1973. Tazama jalada lako. Ni Mtaa wa Heddon, London, usiku wa Januari 1972 wenye mvua. Brian Ward alipiga picha ile kwa filamu nyeusi na nyeupe, rangi zikatiwa baadaye kwa mkono na Terry Pastor. Nywele zina rangi ya majani makavu. Zile nyekundu za kusimama zilikuja jalada likiwa limeshapigwa. Bango la K. West linaloning'inia juu ya kichwa chake lilikuwa la wauza nguo za manyoya. Hakuna fumbo.

Sasa muziki, maana umeniambia unapiga solo na hukuuliza hata neno moja kuhusu gita. Hilo limenisikitisha kidogo.

Mick Ronson, mpiga gita wa Bowie, kabla ya yote haya alikuwa mtunza bustani wa halmashauri ya mji wa Hull, kaskazini mwa Uingereza. Alipofuatwa mwaka 1970 aje kujiunga na Bowie, alikutwa anachora mistari ya chokaa kwenye uwanja wa raga. Trevor Bolder wa besi na Woody Woodmansey wa dramu wanatoka upande uleule wa nchi. Vijana watatu wa mkoani, wapigaji wa blues nzitonzito, ambao siku moja waliambiwa wavae hariri na viatu vya soli ndefu. Ronson ndiye aliyenuna zaidi, mpaka walipogundua kwamba wasichana wanapenda.

Ronson alijifunza piano na fidla utotoni, kwa hiyo mipangilio ya vinanda vya nyuzi unayoisikia ni kazi yake, si ya profesa wa kukodi. Gita lake lilikuwa Les Paul, na siri ya ile sauti inayotoka kama mtu anayeimba puani ni pedali ya wa-wa, kile kifaa cha kukanyaga kinachogeuza sauti ya gita. Wengine huikanyaga juu-chini, juu-chini. Yeye aliitafutia pembe moja katikati, akaiacha hapohapo, akapiga. Jaribu kesho mazoezini; utaona masafa ya kati yanavyojitokeza na gita kupata uso wake hata bendi ikiwa imejaa. Solo ya mwisho ya "Moonage Daydream" ndiyo somo lenyewe. Bowie hakuweza kumwandikia noti, na amesimulia kwamba alikuwa akimchorea Ronson umbo la solo kwenye karatasi kwa kalamu ya rangi: huku mstari unapanda, huku unapinda, huku unatawanyika. Ronson alitazama mchoro akaupiga. Katikati ya wimbo huohuo kuna filimbi nyembamba kabisa na saksafoni nene kabisa zinazopiga pamoja, kama mtoto na babu wanaogombea kiti kimoja. Na ile milio ya saksafoni katika "Suffragette City"? Si saksafoni. Ni sinthesaiza ya ARP, kinanda cha umeme.

Ken Scott, prodyuza mwenza, aliyekuwa fundi mitambo wa The Beatles pale Abbey Road, husema kwamba sauti nyingi za Bowie alizozirekodi zilikuwa za mara ya kwanza. Anaingia, anaimba, anatoka. Ukilijua hilo sikiliza upya "Five Years". Inaanza na dramu peke yake, pigo la mtu aliyechoka. Halafu sauti ya kawaida ya mtu anayepita sokoni, anaona watu wanalia kwa sababu mtangazaji wa habari ametangaza kwamba dunia inakufa. Dakika chache baadaye mtu yuleyule anapiga mayowe. Koo linapasuka kweli.

Na hapa ndipo utakapopata ule uzi unaoutafuta. Sikiliza wimbo wa kwanza na wa mwisho mfululizo, ruka tisa za katikati. "Five Years" na "Rock 'n' Roll Suicide" ni pacha. Zote mbili zinakwenda kwa mapigo ya tatu-tatu, zote mbili zinaanza kwa mnong'ono na kuishia kwa kelele. Katika ya kwanza mtu mmoja anatazama umati na kutambua kwamba hajui kama angewahitaji watu wengi kiasi kile. Katika ya mwisho mtu amechoka, sigara imekwisha, kumekucha, na mwimbaji anamlilia kwamba hayuko peke yake, anyoshe mkono. Bowie alikuwa akimsikiliza sana Jacques Brel wa Ubelgiji, ambaye katika wimbo wake "Jef" anamwambia rafiki anayelia hadharani maneno hayohayo. Kati ya pacha hao kuna habari nyingi, lakini safari ni hiyo: kutoka kuutazama umati hadi kuushika mkono. Hiyo ni dhana. Haihitaji visa.

Nimeijua nguvu ya wimbo huo wa mwisho kwa njia ya ajabu. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa kaseti ya kunakiliwa, na aliyeninakilia alianza upande wa B kwa nyimbo mbili za mtu mwingine, hivyo mkanda ukaisha Bowie hajamaliza. Kwa miaka kama sita niliamini albamu inaishia kwenye "Suffragette City", yaani kwenye shangwe. Nilikuwa nawaambia watu kwamba ni albamu ya furaha! Siku niliyosikia sahani kamili kwa jamaa mmoja Dar es Salaam, nilidhani ameweka kitu kingine.

Umeuliza wanasifia nini mpaka leo. Nitaanza na usiku mmoja: 6 Julai 1972, kipindi cha Top of the Pops cha BBC. Uingereza nzima ilikuwa na chaneli tatu za televisheni, na kila kijana alitazama kipindi hicho, mara nyingi akiwa amekaa karibu na baba. Marc Bolan wa T. Rex alikuwa ameshafungua mlango mwaka mmoja kabla, alipotokea na vimetameta chini ya macho, na hapo ndipo watu wengi huanzia kuihesabu roki ya glamu, yaani roki ya mapambo na vipodozi. Lakini Bolan alikuwa mzuri wa kupendeza. Bowie alikuwa wa kutisha kidogo. Akaja na gita la buluu, nywele nyekundu, nguo iliyobana ya rangi zote, akaimba "Starman". Kwenye kibwagizo, neno lile moja linaruka kutoka noti ya chini hadi ya juu, oktava nzima, mruko uleule wa "Over the Rainbow", ndiyo maana mtu aliyeusikia mara moja tu alihisi ameujua tangu utotoni. Akamkumbatia Ronson begani. Akanyoosha kidole kwenye kamera alipofika mahali pa kumpigia mtu simu, kama anayemwambia mtazamaji: ni wewe.

Kumbuka mazingira. Mapenzi ya wanaume kwa wanaume yalikuwa jinai Uingereza hadi mwaka 1967. Januari 1972 Bowie, mwenye mke na mtoto mchanga, alikuwa ameliambia gazeti la muziki la Melody Maker kwamba yeye ni miongoni mwa watu hao. Watu wamebishana nusu karne kama ulikuwa ukweli, biashara au vyote viwili, na yeye mwenyewe alibadili maneno zaidi ya mara moja. Mkono ule begani haukufanya kosa lolote, lakini kesho yake shuleni ulizungumzwa kuliko wimbo. Wengi walioanzisha bendi Uingereza miaka minane au kumi baadaye huutaja usiku huo. "Starman" ulifika nafasi ya 10 na albamu ikafika ya tano kwenye chati za Uingereza. Marekani iliishia ya 75. Huko walimkubali baadaye.

Halafu mwisho. Tarehe 3 Julai 1973, ukumbi wa Hammersmith Odeon, London. Bowie alisimama kabla ya wimbo wa kufunga akasema kwamba hilo ni onyesho lao la mwisho kabisa. Ronson alijua. Bolder na Woodmansey waliisikia habari hiyo pamoja na umati, wakiwa na ala mkononi. Kisha wakapiga "Rock 'n' Roll Suicide". Huko nyuma walikuwa wamegundua kwamba mpiga piano aliyeajiriwa kwa ziara ya Marekani, Mike Garson, analipwa kuliko wao, kukawa na manung'uniko ya mishahara. Mimi kitendo kile sijawahi kukipenda. Unaweza kuiua lakabu yako, ni mali yako. Lakini wenzako hawakuwa lakabu, walikuwa watu wenye kodi ya nyumba. Na hata hivyo, kama hadithi, hakuna mwandishi angeimaliza vizuri zaidi. Wimbo wa tisa ulitabiri kwamba bendi itavunjwa, na ikavunjwa, mbele ya kamera za D. A. Pennebaker aliyekuwa akirekodi filamu usiku huo. Unaona sasa utenzi ulikuwa wapi?

Kuna mtu wa pembeni aliyefaidika na onyesho lile. Steve Jones, ambaye baadaye angepiga gita katika bendi ya punki ya Sex Pistols, amesimulia mwenyewe jinsi alivyojipenyeza ukumbini Hammersmith siku zile akaiba maikrofoni na vifaa vingine. Watu hupenda kuandika kwamba punki ilirithi kutoka kwa Ziggy. Huyu alirithi kwa kubeba.

Urithi mwingine una harufu ya kwetu. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na kuondoka na wazazi wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, alikuwa akifanya kazi kwenye kibanda cha viatu katika soko la Kensington kabla dunia haijamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwenye kibanda, Alan Mair, amesimulia kwamba Bowie alifika akiwa hana fedha, akapewa buti bure, na aliyempimisha ni Freddie. Muda si mrefu Queen, bendi ya Freddie, nao wakarekodi albamu yao ya kwanza palepale Trident. Mwaka 1981 wawili hao waliimba pamoja "Under Pressure". Naye mtoto wa Bulsara alikuwa amejivisha jina, tena la sayari. Na kwa kuwa nimeshafika kwetu, mke wa Bowie tangu 1992, Iman, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa mwanafunzi Nairobi alipoonwa na mpiga picha Peter Beard.

Lakini kama ningeombwa ushahidi mmoja tu kwamba albamu hii haikutegemea visa, ningemleta Seu Jorge wa Brazili. Katika filamu ya Wes Anderson ya mwaka 2004 anakaa juu ya meli na gita kavu anaimba nyimbo za Bowie kwa Kireno, kadhaa kati yake kutoka kwenye sahani hii. Maneno hakuyatafsiri sawasawa. Mahali pengi aliweka yake. Mapenzi yakaingia mahali pa anga. Na bado "Rock 'n' Roll Suicide" inakushika koo. Bowie mwenyewe alimsifu. Wewe na bendi yako mnaweza kujaribu kwa Kiswahili. Mruko wa oktava haudai pasipoti.

Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia albamu hii kwenye hifadhi yake ya taifa ya rekodi za sauti. Ronson hakuyaona hayo. Saratani ya ini ilimchukua Aprili 1993 akiwa na miaka 46. Bolder alifariki 2013, Bowie 10 Januari 2016. Woodmansey, yule wa dramu za "Five Years", ndiye aliyebaki.

Kuhusu maandishi ya nyuma ya jalada, pale penye picha ya kibanda cha simu: ni agizo. Katika sauti ya chini gita la Ronson linafunika vinanda vyake mwenyewe, na ule mkwaruzo mmoja wa nyuzi unaofunga albamu, baada ya kila kitu kunyamaza, unapita kama mlango uliofungwa chumba cha jirani. Basi ongeza. Ila chagua Jumamosi mchana, na mwenye nyumba umwamkie kwanza.